Shati Lisilo na Mabaki

Kwa akina Floarea, bibi harusi humshonea bwana harusi shati, na siku ya kulipeleka hupeleka pia kikapu cha mabaki ya kitambaa. Wanawake hawaanzi kutazama shati. Wanaanza na kikapu. Mabaki yakiwa mengi, bibi harusi huyo ni mharibifu, na hatashika ufunguo wa ghala maadamu mama mkwe yu hai.

Kitambaa hutolewa na mama mkwe. Wangu, Floarea, alikileta mwenyewe, kitani alichokifuma majira ya baridi, akakiweka mezani kwetu bila kukaa.

"Kikikupungukia, sema," aliniambia. "Usione haya. Ingawa wewe kazi yako ndiyo hiyo, kuona haya."

Alipotoka nilikipima kwa mkono. Kilikuwa kifupi. Grigore, mchumba wangu, ana mabega mapana kama lango, na mama yake anayajua mabega hayo kuliko mimi.

Mama yangu alikuwa kitandani, alikolala tangu nilipoacha shule darasa la nne ili nimtunze. "Amekupunja makusudi," alisema. "Anataka uende mlangoni kwake ukaombe. Ukiomba kitambaa leo, kesho utaomba mpaka chumvi."

"Basi siombi."

"Utashonaje?"

"Sijui. Lakini siombi."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Na watu wanasema Docia hana ulimi."

Shati la kwetu halina mviringo. Ni vipande vilivyonyooka vitupu. Kila mtu huanza na kifua na mgongo, kipande kimoja kinachokunjwa begani, kisha mikono, kisha taharizi, vipande virefu vya mbavuni. Vikwapa, ile miraba miwili midogo inayotiwa chini ya mikono ili mtu aweze kuinyanyua, hukatwa mwisho, popote palipobaki. Hapo ndipo kitambaa kinapopotelea.

Nilikitandaza sakafuni nikaanza na vikwapa. Ukingoni nilipanga vikwapa, ukosi na vipande vya miishoni mwa mikono, vyote kwenye ukanda mmoja mwembamba. Kilichobaki kando ya ukanda huo nilikigawa kikawa taharizi mbili. Mikono ikafuata. Kifua kilichukua kilichosalia, na kilichosalia kilikuwa kidogo. Wanaume wa kwetu huvaa mashati yanayoishia kitovuni, na watu wa bondeni hutucheka kwamba tumeishiwa nguo. La Grigore nikalifupisha zaidi. Ana kiuno kizuri, acha kionekane.

Shingo sikuichimba. Niliipasua moja kwa moja na kukunja kingo ndani. Kila nilipotaka kukata nilivuta kwanza uzi mmoja, kisha mkasi ukafuata njia iliyoachwa na uzi. Nilipomaliza, sakafuni hapakuwa na kitu cha kufagia.

Siku moja kabla ya harusi nilikwenda kwa Floarea. Jikoni wanawake walikuwa wamekaa na vikombe vya pombe ya plamu. Niliweka kikapu mezani.

Floarea alitoa shati, akatia mkono tena kikapuni, akapapasa. "Mabaki yako wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna ndiyo nini?"

"Labda ameyala," alisema Irina, dada yake, na wengine wakacheka.

"Umechanganya na kitambaa cha kwenu," Floarea alisema. "Au mabaki umeyaficha chini ya godoro la mama yako. Pale hakuna anayepekua, si kwa harufu ile."

Kicheko kilikatika. Godoro lile nalianika juani kwa mikono yangu, na shuka nazifua mtoni hata barafu ikiwa imeshika kingo.

Nilichukua shati. Nikatoa mkasi mdogo mfukoni mwa aproni, nikaanza kufumua.

"Wee, Docia," alisema Irina. "Binti, harusi ni kesho."

 Nilifumua mkono wa kulia, wa kushoto, taharizi, ukosi. Kila kipande nilikilaza mezani mahali pake pa zamani, ukingo kwa ukingo, wanawake wakiondoa vikombe kunipisha. Mwisho nikatia vikwapa kwenye nafasi zao. Kitambaa kikarudi kuwa kimoja. Huku mwanzo na kule mwisho ukaonekana mstari mwekundu ambao Floarea huufuma kwenye miisho ya vitambaa vyake vyote, na ambao nilikuwa nimeuficha kwenye mapindo.

"Kitambaa chako hiki hapa, mama," nilisema. "Kizima. Na kilikuwa kifupi."

Floarea alitembeza kidole kutoka mstari mmoja hadi mwingine. "Kesho mwanangu atavaa nini?"

"Mimi nimeshamshonea. Aliyetaka mabaki ndiye atakayeshona mara ya pili." Nikachomeka sindano katikati ya kitambaa.

"Floarea," alisema Irina, "vaa miwani, dada."

Aliivaa. Alianza na kikwapa, pagumu kuliko pote, akashona. Nilibaki nimesimama.

"Keti basi, nishikie upande huu," alisema.

"Nitaketi ukiliondoa lile neno la godoro."

 Floarea alimaliza upande mmoja wa mraba, akaukata uzi kwa meno.

"Mwambie mama yako nimekosea."

"Utamwambia mwenyewe. Kesho tutambeba kwenye kiti mpaka langoni kwako. Atakuwa anakungoja."

Alitunga uzi mpya sindanoni. Kisha akasema, "Nitamwambia."

Niliketi, nikashika upande wangu. Tulishona yeye kushoto, mimi kulia. Baadaye miwani yake ikaingia ukungu, akaivua, akapapasa mezani kutafuta kitambaa cha kuifutia. Hapakuwa na hata baki moja. Akaifuta kwa aproni yake.