Mdakaji wa Kuazimwa

Msimu mzima wa kriketi, nahodha wetu Gerald Ackroyd alinificha pembeni kabisa mwa uwanja, karibu na zizi la kondoo, ambako mpira haufiki. Kweli nilikuwa nimeangusha mipira kumi na minne, lakini ndiyo atangaze mpaka kanisani?

Jumamosi moja wageni wetu walikuja pungufu mtu mmoja. Zamu yetu ya kupiga ilipofika, Gerald akawaazima mdakaji, yaani mimi, huku akicheka mpaka akakohoa.

"Mchukueni Horace. Tena msimrudishe!"

Wageni hawakunijua. Wakanisimamisha hatua chache tu kutoka kwa mpigaji, na mpigaji mwenyewe alikuwa Gerald. Akaupiga mpira kwa nguvu zake zote, ukanijia usoni. Nikafumba macho na kujikinga kwa mikono. Nilipofumbua, nilikuwa nimeudaka kabla haujagusa chini, na kwa sheria za kriketi Gerald yuko nje bila alama hata moja.

Akanijia amevimba kwa hasira. "Horace! Hivi wewe uko upande gani?"

"Upande walionisimamisha karibu na mpira, nahodha," nikamjibu. "Wasalimie kondoo."