Vigae vya Bibi Kudra

Margareth alitoka Kibaha alfajiri, akafika Mzenga kumchukua mama yake mkubwa, Bi Mwanamvua, aende hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikwisha zimika. Hili lililobaki nalo limeanza kuingia ukungu. Kabla ya kuondoka, mama mkubwa alitaka kwanza amuage marehemu mama yake, Bibi Kudra, kaburini.

Kuaga kwenyewe ndiko Margareth alikokuwa akikukwepa miaka yote. Yeye ni mzee wa kanisa, na kuwamwagia wafu maji ya unga ni tambiko. Lakini Bibi Kudra alibatizwa uzeeni, na mjukuu alitaka kumheshimu kikristo. Ndiyo maana mwezi uliopita alimleta fundi Isihaka, kaburi likajengewa saruji, vigae vyeupe na msalaba. Moyoni alijua pia kwamba pasipo majani ya kupalilia, safari za kaburini zingepungua.

Bi Mwanamvua alivipapasa vigae, akacheka. "Ehee! Mama kapata vigae, mie mwanawe bado nalala chini ya makuti!"

Akachuchumaa, akamimina maji ya unga. "Mama, naenda kutengenezwa jicho. Nishike mkono."

Kila mwaka udongo uliyanywa maji yale papo hapo, naye husema, "Kanywa. Kasikia." Safari hii yaliteleza, yakachuruzika hadi majanini. Akamimina tena. Yakateleza tena. Kicheko kikamwisha.

"Mwagia hapo pembeni, mama," Margareth alisema, akijishangaa mwenyewe. "Kwenye udongo."

"Pembeni wanapita mbuzi. Mama yangu hayuko pembeni."

"Basi nimwite Isihaka abandue viwili vitatu."

"Agonge nyundo kifuani mwa mama yangu? Mtoto wewe, una wazimu?" Kisha sauti ikashuka. "Umejenga kwa mapenzi, najua. Ila mie siendi kukatwa jicho na yeye hajui."

Margareth alizijua aya nyingi za kuwaambia wafiwa. Alizipitia zote, hakuona ya kumwambia mtu aliyefiwa na mama yake mara ya pili, safari hii kwa mkono wake yeye Margareth. Alipiga magoti, akaanza kukausha vigae kwa ncha ya kitenge, kisha akaacha.

Bi Mwanamvua alikwisha tangulia; Margareth alipofika nyumbani alimkuta ameketi jikoni, anamenya mihogo kwa kupapasa.

"Kaa ule kwanza, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Kibaha mbali, na unarudi peke yako."