Maneno ya Kumfikishia Mkwe

Mhudumu wa ile hoteli ya London alidhani Persis na Ogari wamegombana. Kila asubuhi aliwakuta kwenye chumba cha chai, mmoja pembe hii na mwingine pembe ile, Persis ameuelekezea ukuta uso. Siku moja mama huyo mnene alimletea Persis yai la pili bila kuombwa, akampapasa bega, kama mtu anayesema, yatakwisha tu.

Hawakuwa wamegombana. Ogari alikuwa amemwoa Nyamoita, binti wa Persis, na Wagusii kama wao wana chinsoni: mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, wala mmoja hakitazami kitanda cha mwenzake. Kwa hiyo Ogari, aliyekuwa mwalimu kule Nyansiongo, aliomba vyumba viwili, kimoja chini na kingine ghorofa ya juu kabisa. Mwenye hoteli alicheka mpaka akafuta macho, lakini akavitoa.

Aliyewaleta huko ni Nyamoita. Uvimbe ulikuwa umemea ndani ya kichwa chake, ukamla jicho moja, na daktari wa misheni akasema mikono ya kuutoa iko London. Kanisa likachanga. Mama yake Ogari alikuwa ameshafariki, basi Persis, ambaye safari yake ndefu kuliko zote maishani ilikuwa kutoka Sironga hadi Kisumu, akavaa viatu vyake vya Sabato akapanda ndege. Hospitali haikuwapa ndugu mahali pa kulala. Walilala hotelini, wakawa wa kwenda na kurudi.

Jioni kabla ya siku ya kupasuliwa, Nyamoita alimng'ang'ania mama yake mkono.

"Mje kabla hawajanichukua, mama. Mje wote wawili. Naogopa kulazwa usingizi kama sijawaona."

"Tutakuja."

"Apa."

"Mkristo haapi. Tutakuja."

Treni za mji ule hupita chini ya ardhi kama fuko. Ogari na Persis walikuwa wamejitengenezea namna yao ya kusafiri: kijana hupanda behewa moja, mama behewa linalofuata, na kila kituo kijana hutoa kichwa mlangoni. Akitikisa kichwa, bado. Akivua kofia, mama anashuka. Persis hakujua jina la kituo wala la hospitali. Kazi yake ilikuwa kuitazama kofia.

Asubuhi hiyo walitoka mapema, wakakuta London nzima inakwenda kazini. Behewa la Persis lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Ogari, ambaye alikuwa ameshaingia lake, akajibana, akaacha nafasi ndogo mbele ya kifua chake.

"Mama, panda hapa! Panda!"

Persis aliiona ile nafasi. Ilikuwa ya kumlaza kifuani mwa mkwewe mbele za watu. Mguu mmoja ulikwenda, mwingine ukakataa. Mtu alipomsukuma kwa nyuma, akaruka kando. Milango ikafungwa. Kofia ikaenda zake.

Alipanda treni iliyofuata, akitumaini kumkuta mbele akimngoja. Kumbe Ogari naye alishuka kituo cha mbele akarudi kumtafuta, wakapishana gizani. Kila kituo Persis alichungulia nje. Hakuna kofia. Mwishowe alishuka waliposhuka wengi, akapanda ngazi, akatokea kwenye mvua na barabara asiyoijua.

"Hospitali," alimwambia mwanamume mwenye mwamvuli. Neno hilo mtu yule alilielewa. Akamtembeza hadi mlangoni, akiuinamisha mwamvuli upande wake mpaka bega la koti lake mwenyewe likaloa. Persis akashukuru, akaingia, akakuta wanawake wajawazito wamejipanga kwenye viti. Siyo yenyewe. Manesi walimsemesha, wakampa taulo ajikaushe, wakamwuliza na kumwuliza. Yeye alirudia tu, "Nyamoita, Nyamoita," akigonga kichwa chake kwa vidole, na hakuna aliyemjua Nyamoita. Akatoka mbio.

Mgeni ni kipofu hata akiwa na macho. Alizunguka nyumba zilizofanana kama mbegu za mahindi. Kengele ya kanisa ililia, naye akazidisha mwendo. Akilini alimwona mwanawe amelala peke yake, anatazama mlango kwa lile jicho moja. "Bwana," alisema kwa sauti, "mimi nimempoteza. Wewe usimpoteze."

Ndipo akamwona mama wa Kihindi, sari imechungulia chini ya koti. Maisha yake yote Persis hakuwahi kuona Mhindi asiyejua Kiswahili. Wale wa mjini Kisii walikuuzia kitambaa kwa Kiswahili na kukutukana kwa Kiswahili. Akamkimbilia.

"Mama, nisaidie! Nimepotea!"

Yule mama alishtuka, akatikisa kichwa.

"Hujui Kiswahili?" Persis alilia. "Basi wewe ni Mhindi wa wapi?"

Mama yule hakuelewa hata neno, lakini machozi aliyaelewa. Alimshika mkono wa sweta, akamvusha barabara hadi kwenye duka la magazeti, akaita, "Kamla!" Akatoka mwanamke mwembamba mwenye miwani.

"Sema, mama," alisema Kamla. "Mimi nimezaliwa Kisumu. Nani amekuliza hivi?"

Persis akamshika mikono yote miwili.

"Natafuta hospitali ya mtoto wangu. Sijui jina."

"Anaumwa nini?"

"Kichwa. Anapasuliwa leo, saa tano."

"Ya vichwa tu? Mbele kuna miti mikubwa?"

"Na njiwa wengi."

Kamla alitazama saa. Alimtoa nje mteja aliyekuwa bado anachagua gazeti, akafunga duka, akasimamisha teksi.

"Umekuja na nani?" aliuliza njiani.

"Na mkwe wangu. Nimekataa kupanda naye treni. Ningemgusa kifua."

Persis alingoja kuchekwa. Kamla hakucheka.

"Mimi mbele ya baba mkwe wangu nilifunika uso mpaka siku aliyokufa," alisema. "Dereva, haraka!" Kisha akakumbuka, akairudia kwa Kiingereza.

Nyamoita alikuwa ameshatolewa wodini. Walimkuta kwenye ukumbi, juu ya kitanda cha magurudumu, kichwa kimenyolewa na kufungwa kitambaa cheupe.

"Mama. Umeloa."

"Mvua tu, mwanangu."

"Ogari yuko wapi?"

Persis alitamani kudanganya. "Ananitafuta mjini. Kosa ni langu. Nilimwonea haya, treni ikamchukua."

Nyamoita alifumba jicho. Nesi akaitazama saa yake, akamtazama Persis, kisha akafungua mikanda ya kitanda iliyokuwa imefungwa vizuri, akaanza kuifunga upya, polepole sana.

"Basi utamwambia wewe," alisema Nyamoita, akamvuta mama yake, akamnong'oneza sikioni.

Persis aliruka. "Mimi? Nimwambie mkwe wangu hayo?"

"Sina mwingine, mama. Neno kwa neno."

"Neno kwa neno," alisema Persis, na kitanda kikasukumwa, milango ikafungwa.

Ogari alifika akihema. Alikuwa amerudi hotelini, amekwenda polisi, amezunguka vituo vyote. Aliona ukumbi mtupu.

"Ameenda?"

"Sasa hivi."

"Aliniuliza?"

"Alikuuliza wewe kwanza."

Kijana aliteremka ukutani mpaka akaketi sakafuni, akafunika uso. Kamla akasogea dirishani, akawapa mgongo.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Persis. "Njoo ukae hapa kwenye benchi."

"Mama, siwezi kukaa hapo."

"Kaa. Nina ujumbe."

Alikaa ukingoni. Persis aliyatazama magoti yake mwenyewe.

"Anasema hajutii hata siku moja. Anasema..." Alijifuta mvua usoni. "Anasema anakumbuka usiku ule wa mvua ya mawe, kitanda chenu kilipovunjika, mkacheka mpaka kukacha. Akiamka, umchekeshe hivyo tena. Asipoamka, anataka umkumbuke akicheka, siyo akiugua."

Ogari alitoa sauti, nusu kicheko, nusu kilio.

"Kile kitanda, mama," alianza, kisha aibu ikamkamata, akageuza uso.

"Sema," alisema Persis, akimsogelea. "Sema yote, mwanangu. Leo mimi ni kiziwi."