Kidole cha Pete

...gumba, shahada, kati, halafu pengo, tena, gumba, shahada, kati, pengo, hapana, hapo kidole cha pete kinatakiwa kuvuta uzi wa mwisho wa gita, Mwalimu Cuthbert wa kwaya kasema, "Edina, noti ni nne, mbona unanipa tatu? Usipoipata kabla ya Jumapili, nafasi yako nampa Nazari," basi polepole, uzi mmoja baada ya mwingine, gumba, shahada, kati... na kidole changu kizima kinaganda hewani, maana aliyenifundisha ni kaka Kilian, na chake kililiwa na mashine ya kumenya kahawa, mwaka ule malori ya wanunuzi binafsi yalipoanza kupanda huku Mapera na kila mtu akamenya kama kichaa, naye akacheka tu, akasema gita halidai vidole vyote, akalinunua kwa kahawa ileile, halafu siku aliposhuka Lipingo kuvuka ziwa kwenda harusini akaniachia, maji yataliharibu, alisema, gita, siyo yeye, na ziwa halikuturudishia hata shati... jikoni mama anasonga ugali, nausikia mwiko, namsikia akinong'ona, "Huyo, amefika," maana akilisikia pengo lile kwake ni mwanawe anapiga, atampakulia, ataifunika sahani, asubuhi nitawamwagia kuku, na mimi naogopa, naogopa kweli, nikiipiga noti ya nne nitakuwa nimemzika, bila kaburi, bila padri, na nisipoipiga nitazeeka na mikono ya marehemu, gumba, shahada, kati... "Kilian, nawa mikono, mwanangu," mama anaita, na nilitaka kuitika, ulimi ulishainuka, ee mama, kwa sauti yake yeye... la, jamani, la, mimi ni Edina, gumba, shahada, kati, pete, uzi unalia, mwembamba, mgeni ndani ya nyumba hii, na mwiko unasimama. Tena, pete, kidole kinauma, tena. "Nani huyo?" anauliza, na najua anajua, napiga tu, zote nne, machozi yananidondoka juu ya mbao za gita, mpaka mwiko unaanza tena, mzito, taratibu, na mama, ambaye tangu ziwa limchukue Kilian hajanitaja kwa jina hata mara moja, anasema kutoka kwenye moshi, "Rudia hapo mwisho, Edina."