Hata Maziwa

Pale Bulapesa, nyuma ya hospitali, kuna nyumba ya vyumba vinane ambayo kila mtu anaiita Kwa Elizabeth, ingawa Elizabeth mwenyewe hana hata tofali moja pale. Ilijengwa na kamati ya watu wa msikiti na watu wa kanisa. Watu hao walibishana mwaka mzima juu ya rangi ya geti, lakini kwa jambo moja hawakubishana: mtu aliyeleta mgonjwa kutoka mbali asilale tena kwa veranda ya duka la wenyewe. Unalipa shilingi hamsini kwa siku. Kama huna, unashika ufagio.

Elizabeth Nakolong, Mturukana wa Ngaremara, miaka hamsini na mbili, alikuwa na kazi mbili pale. Ya kwanza ilikuwa funguo na mablanketi. Ya pili ilikuwa kurudia yale masista wa hospitali walisema, pole pole, mpaka mgeni aelewe. Kazi ya tatu alijipa mwenyewe, nayo ilikuwa kuchekesha watu. Alikuwa ameona kwamba mtu mwenye mgonjwa wadini hali chakula, ila akicheka kidogo mkono unaenda kwa sahani wenyewe.

Mzee Golicha, Mborana, alishuka kwa lori la mbuzi asubuhi moja ya Jumanne. Alitoka mbele kabisa ya Garbatulla, bakora mkononi na mjukuu mgongoni. Mjukuu alikuwa Kabale, miaka saba, macho makubwa, na tumbo limejaa upande mmoja kama amemeza kibuyu. Mama yake alikuwa amejifungua wiki hiyo. Baba yake alikuwa amehama na mifugo kutafuta nyasi. Alibaki babu.

"Salaam aleikum," akasema mzee.

"Karibu, mzee. Habari ya njia?"

"Njia imekula mgongo yangu." Akamtazama Elizabeth vizuri, shanga za shingoni na yote. "Wewe ni Turkana."

"Ndio, mzee. Na nyinyi ndio mlichukua ng'ombe za baba yangu."

"Zilikuwa zetu kwanza."

"Basi lipa kodi ya nyumba nyingine, hii ni yangu."

Kabale akacheka pale mgongoni, na kutoka siku hiyo akamwita Elizabeth Mama Ng'ombe.

Ugonjwa wenyewe Elizabeth aliujua, kwa sababu hata kwao uko. Ni mfuko wa maji unaokaa kwenye ini. Mtoto anaupata kwa mbwa, na unakua kimya kimya miaka mingi. Dawa peke yake haingeutosha tena. Ulitakiwa kutolewa, tena kwa uangalifu, kwa sababu ukipasuka ndani unaweza kuua. Bahati ilikuwa kwamba daktari wa upasuaji huo alikuwa anakuja na ndege kutoka Nairobi, siku mbili tu, kisha anarudi. Kabale aliwekwa siku ya pili, saa tatu na nusu asubuhi.

Wadi ya watoto usiku wanalala wanawake peke yao. Kwa hiyo mtoto alipolazwa, Golicha alirudi kulala Kwa Elizabeth. Jioni hiyo alikuwa jikoni uani anajifunza chapati. Chapati yake ya kwanza mbwa wa jirani alikuwa ameinusa, akaondoka na heshima zake.

Elizabeth alikuwa ametoka wadini. Sista alikuwa amemshika mkono na kumwambia, "Huyo mzee nimemwambia na ameitikia tu. Mrudishie vizuri. Kuanzia saa sita usiku asile, asinywe, hata maji."

Elizabeth akaingia jikoni, wageni wengine wamezunguka moto, akaona ile chapati, na ulimi wake ukafanya vile huwa unafanya.

"Mzee, kesho asubuhi mtoto asipewe chakula. Na hiyo chapati yako weka mbali kabisa. Daktari amekuja na kisu kimoja, usimvunjie."

Jikoni nzima ikacheka. Golicha pia alicheka, mpaka akafuta macho na pembe ya shuka. Elizabeth akaenda kulala akijua amefanya kazi yake.

Hakutaja maziwa. Yeye, mtoto wa mfugaji, aliyekua akisikia baba yake akisema leo hatujala chochote, tumekunywa maziwa tu.

Asubuhi, saa moja imepita kidogo, alikuwa anaanika mablanketi Golicha aliporudi kutoka wadini. Alikuwa amevaa kofia yake nzuri na uso unang'aa kama mtu anayeenda arusi. Chini ya kwapa alibeba chicho, kile chombo cha kusukwa cha Waborana cha kuwekea maziwa, kimefukizwa moshi mpaka kimekuwa cheusi.

"Ameamkaje?" Elizabeth akauliza.

"Vizuri. Haogopi. Nimembariki."

"Umembariki na nini?"

Mzee akainua chicho kidogo, kwa furaha. "Ngamia yake. Ile nilimpa siku kitovu ilianguka. Wazee walinicheka, eti unapea msichana ngamia. Jana mama yake ametuma maziwa na basi. Nimemwagia kidogo kwa mkono, nikampaka kwa kichwa, halafu amekunywa. Mtu hawezi kwenda safari ya kisu bila maziwa ya kwao."

Blanketi lilikuwa bado mikononi mwa Elizabeth. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Amekunywa ngapi, mzee?"

"Mafunda tatu. Nne. Alikuwa na kiu."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Sista alikuwa upande ule mwingine, mtoto mwingine alikuwa analia." Kisha akaona uso wake. "Nini?"

Elizabeth akamweleza wakiwa wamesimama pale kwenye kamba ya kuanikia. Alimweleza bila mzaha hata mmoja, na kwa sababu hiyo mzee aliogopa kabla hajaelewa. Mtoto akilazwa na ile dawa ya usingizi, tumbo pia linalala. Maziwa yanaweza kurudi juu, yaingie kwa mapafu, na mtoto afe pale mezani kabla kisu hakijamgusa.

"Kwa hivyo tukiwaambia, hawatampasua leo," akasema Golicha.

"Hawatampasua mpaka masaa sita iishe."

"Na daktari anaenda saa ngapi?"

"Saa saba awe ndani ya ndege."

Golicha alihesabu kwa vidole, akirudia mara mbili, kama vidole vya pili vingekuwa na jibu lingine. Kisha akasogea akasimama kati ya Elizabeth na geti.

"Mama Elizabeth. Ni mafunda tatu. Mkono yangu ni ndogo, angalia. Mimi nitaomba Mungu. Wewe nyamaza tu. Sijawahi kukuomba kitu."

Na ilikuwa kweli, hakuwahi. Hata sabuni alikuwa anakopa kwa wengine.

"Mzee, toka kwa njia."

"Akikosa leo, ile kitu itapasuka. Nyinyi ndio mlisema."

"Tulisema inaweza. Hii nyingine pia inaweza. Mimi siwezi kukaa hapa naanika mablanketi na nasikiliza kama watatoka wakikimbia."

Mzee alibaki amesimama kidogo. Kisha alitoka njiani, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, na chicho akaiweka chini katikati ya miguu yake. Elizabeth akaenda hospitali peke yake. Ni hatua mia tatu. Alikuwa ametembea njia hiyo miaka tisa akisalimiana na kila mwenye kibanda, na siku hiyo hakumsalimia mtu.

Daktari hakugombeza mtu. Aliangalia saa, akaangalia karatasi ya dawa ya usingizi, akauliza kama kuna mtu anaweza kusogeza ndege. Hakukuwa na mtu wa kusogeza ndege. Akasema atarudi baada ya wiki saba na Kabale atakuwa wa kwanza. Kabla ya hapo asirudishwe nyumbani, kwa sababu ile barabara ya Garbatulla inatikisa hata mtu mzima. Akae karibu. Asikimbie, asiruke, asianguke.

Kwa Elizabeth kulikuwa na sheria: wiki mbili, kisha unampisha mwingine. Elizabeth alienda mbele ya kamati akawaambia kwamba kosa ni lake, kwamba alipewa maneno mazito akayageuza mchezo. Mwenyekiti akasema chumba namba tatu kibaki na mzee. Mtu wa kanisa akauliza kama ni haki kwa wengine. Mtu wa msikiti akamwambia amalize chai yake.

Basi walikaa. Wewe jaribu kumketisha mtoto wa miaka saba wiki saba. Elizabeth alimpa kazi ya maharagwe. Kabale alikuwa anayachambua juu ya ungo kwa rangi, halafu anayapa majina ya mbuzi wa kwao, kwa hiyo jioni kulikuwa na shida kubwa ya kuwapika. Alijua kila lori kwa honi yake. Alimuuliza Elizabeth mbona hana bwana.

"Nilikuwa naye. Akaenda kuangalia mechi ya mpira, bado haijaisha," akasema Elizabeth.

"Niende nimuite?"

"Wewe umekatazwa kukimbia."

Golicha alijifunza chapati mpaka wageni wakawa wanamwagiza. Asubuhi ile ya maziwa hawakuitaja. Lakini Elizabeth alimwona: basi likileta maziwa, mzee alikuwa anamwita kwanza, anamwonyesha kikombe, anamuuliza, "Leo ni sawa?" Na Elizabeth anajibu, "Leo ni sawa, mzee." Kila mara. Ndipo Kabale anakunywa.

Wiki ya tano, siku ya Jumatano, ngamia walipita nje ya geti wakipelekwa sokoni. Kabale alikuwa ameketi kwenye ngazi. Ngazi zenyewe ni tatu tu, hazifiki goti. Alisimama kwa haraka aone kama wa kwao yuko, kandambili ikakunjika, akaanguka na tumbo kwenye ukingo wa saruji. Hakulia hata. Alisema, "Nimeumia kidogo," akakaa chini. Baada ya dakika chache ngozi yake ilianza kutoka mabaka mekundu, na pumzi ikawa fupi.

Elizabeth ndiye aliyembeba hizo hatua mia tatu. Golicha alimfuata na bakora, anaita jina la mtoto. Ule mfuko ulikuwa umepasuka ndani; hospitalini walifanya kila kitu, walikimbia kila mahali. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameondoka.

Alizikwa siku ile ile baada ya swala ya alasiri, kwenye makaburi ya Waislamu hapo mjini, kwa sababu nyumbani ni mbali na maiti haikai. Wanaume wa nyumba walienda wote. Hata Ewoi, Mturukana wa chumba namba sita aliyekuwa na mke wadini, alienda na kushika koleo. Elizabeth alibaki uani na wanawake. Maharagwe yalikuwa bado juu ya ungo, yamegawanywa, mekundu huku, meupe huku. Hakuna aliyethubutu kuyachanganya.

Golicha alirudi na vumbi magotini. Alikaa kwenye ile ndoo. Elizabeth alimletea chai, kisha akakaa chini kwa mkeka, akingoja. Alikuwa amejitayarisha kwa neno lolote.

"Ile siku," akasema mzee. "Kama ungenyamaza."

"Sijui, mzee."

"Angekuwa hai?"

"Pengine. Pengine angekufa siku ile, na mimi nikiwa najua. Sijui."

Mzee aliipulizia chai ingawa ilikuwa imepoa. "Mimi pia sijui. Nimeuliza Mungu huko makaburini, hajanijibu bado."

"Ningekuambia vizuri ile jioni," akasema Elizabeth. "Ningesema maziwa. Nilitaka mcheke."

"Tulicheka," akasema Golicha. Hakusema kwa ubaya, na hilo lilimuuma zaidi.

Watu walidhani ataondoka na basi la Ijumaa. Hakuondoka. Mwenyekiti wa kamati alipokuja kumpa pole na kumuuliza atakaa mpaka lini, alisema, "Nimeambiwa wiki saba." Hakuna aliyempinga. Alifagia uani, alipika chapati, aliswali. Elizabeth alikuwa anapita karibu naye akitafuta neno la kuchekesha, halafu anapita tu.

Wiki ya saba daktari alikuja. Watoto sita walikuwa kwenye orodha yake, na watu wao wote walikuwa Kwa Elizabeth: wa Kipsing, wa Garbatulla, mmoja wa huko mbele ya Merti. Jioni Elizabeth aliwakusanya jikoni. Moto ulikuwa unawaka, chapati ziko, watu wamechoka na wanahitaji kucheka kuliko kitu chochote duniani. Akaanza na neno kesho, kisha akainama kusogeza kuni.

Golicha akasimama.

"Kesho mtoto asipewe kitu," akasema. "Chakula hapana. Maji hapana. Maziwa hapana. Hata ya baraka." Akawaangalia mmoja mmoja. "Najua mmebeba. Mimi pia nilibeba. Leteni."

Kisha mama mmoja kijana wa Garbatulla, Tuye, akaenda chumbani akarudi na chicho yake ndani ya leso. Mwingine akaleta kijerikeni cha manjano. Mwisho vikawa vyombo vitano. Golicha alivipokea kwa mikono miwili, kila kimoja, na kuuliza jina la mtoto.

Kesho yake, kuanzia alfajiri, alikaa kwenye ndoo yake geti la hospitali, vyombo vimepangwa mbele ya miguu yake na kufunikwa shuka jua lisivipige. Elizabeth alikuja akaketi chini kando yake. Kila mtoto alipotoka thieta ya upasuaji salama, sista alikuwa anakuja getini anaita jina, na mzee anamrudishia mama chombo chake. "Ngoja akuambie daktari, ndipo umpe," anasema. "Muulize. Usione haya kuuliza."

Alasiri chombo cha mwisho kiliitwa. Kilikuwa cha Tuye. Alikichukua akakimbia nacho ndani bila kusema asante, na ilikuwa sawa.

Golicha akakunja shuka. Pale chini kulibaki chicho moja, nyeusi, tupu, ile yake mwenyewe. Aliitazama, kisha akaisukuma taratibu na bakora mpaka ikagusa goti la Elizabeth.

"Hii ni ya nyumba," akasema. "Weka jikoni, juu, mahali wataona wakati unawaambia."

"Na wewe mzee?"

"Basi ni saa kumi. Nikisimama hapa nitaanza kuuza chapati."

Elizabeth alicheka. Ilitoka kama kikohozi, na baadaye ikageuka kitu kingine, na mzee akaangalia barabarani, upande wa basi, mpaka Elizabeth alipomaliza.