Kiraka Kimoja

Kazi yangu pale uwanja wa shabaha ni kuziba matundu. Watu wakishapiga, bastola zikilazwa mezani zikiwa wazi na mkuu wa uwanja akapandisha bendera nyekundu, mimi natembea hadi kwenye mbao za mbele na kikapu cha viraka vya karatasi, vyeusi kwa duara jeusi, vyeupe kwa pembeni. Nalamba, nabandika, nasawazisha kwa kidole gumba. Kichwani nafunga kitambaa cheupe. Mkuu ndiye aliyetaka hivyo, ili nionekane nikiwa kule.

Anayeziba matundu humjua mpigaji. Kinyozi wa pale mtaani, kwa mfano, akigombana na mkewe risasi zake hushuka chini. Nilipomwambia alicheka. "We binti, utanivunjia ndoa kwa gundi yako!"

Shangazi yangu wanamwita Sindano. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyeniombea kazi hii nilipomaliza shule ya msingi. Jina alilipata kwa sababu risasi zake zilipita zote tundu moja, kama uzi. Wengine walinimalizia viraka. Yeye kimoja kilimtosha.

Mwaka huu vikaanza kuongezeka. Viwili, vitatu, mpaka ikawa kila risasi inataka kiraka chake. Nikabandika, nikanyamaza. Mkubwa haambiwi amechoka.

Na nyumbani nako kukawa na jambo. Shangazi alianza kuzungumza na sikio langu. Mwanzoni nilidhani hereni imedondoka, nikawa naishikashika. Hereni ipo. Mwisho nikamuuliza, "Shangazi, kwani sikioni kwangu kuna nini?"

Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja.

"Wanasema macho hayana pazia," akasema. "Yangu yamepata. Limeshuka hapa katikati, pembeni kumebaki peupe. Nikikutazama usoni, uso haupo. Nikitazama sikio, uso unakuja kidogo."

"Twende kwa daktari."

"Nilishakwenda. Kasema hili si la miwani. Sasa wewe umesikia na mimi nimesema, basi. Pale uwanjani lisifike."

Nilielewa kwa nini. Bastola ni ya klabu. Anayetoka kwenye timu huirudisha stoo, na asiyeona hapewi hata ya mazoezi. Shangazi hakujaaliwa mume wa kudumu wala mtoto. Alikuwa na mimi, na mkono wake ule wa kulia.

Zamani alinifundisha hivi: usilitazame duara, tazama kale kajino ka chuma kwenye ncha ya mtutu. Jino likae katikati ya pengo la nyuma, duara liache liwe ukungu. Sasa jino lenyewe ndilo lililoangukia nyuma ya pazia. Basi kila jioni alisimama sebuleni ameshika pasi, mkono umenyooka, akilenga swichi ya taa kwa ncha ya pasi huku macho yakiwa kwenye fremu ya mlango. Alikuwa anajifunza kuona kitu bila kukitazama.

"Shangazi, huo ukuta umekukosea nini?"

"Una mikunjo," akanijibu, jasho linamtoka.

Na viraka vikaanza kupungua, wallahi. Vikarudi vitatu, vikarudi viwili. Nikaanza kuamini kwamba pazia nalo huchoka.

Siku ya kuchagua timu shangazi alipangiwa kizimba cha tatu cha kupigia, kinyozi cha nne. Wa kizimba cha kwanza, kile cha ukutani, alituma ujumbe kwamba homa imemlaza. Mkuu akaniambia, "Toa karatasi yake ya shabaha." Nikaitoa. Ni kazi ya kila siku, hata sikuifikiria.

Amri ikatolewa. Kinyozi ana tabia ya kufuta viganja kwanza, anafuta na kufuta kama anayesubiri mteja. Shangazi akapiga. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari nikisikiliza. Risasi zake zilikuja kwa utaratibu, kila moja ikiingoja mwenzake ipoe. Akaweka bastola chini, akainamia darubini iliyo mezani kama wafanyavyo wote. Nadhani ni mimi tu niliyeona kwamba hakufumba jicho wala hakugusa chochote kuirekebisha.

"Mkuu!" kinyozi akaita. "Mimi sijapiga bado. Mbona karatasi yangu imetoboka?"

Watu wakageuka.

"Sindano, leo umeamua kunishonea mimi?"

Wakacheka, kinyozi naye akacheka. Kisha akaitazama karatasi ya kizimba cha tatu, ikiwa nzima kama ilivyotoka kiwandani, akaacha kucheka.

Shangazi hakugeuka. "Binti," akaniita polepole. "Kizimba cha kwanza kuna karatasi?"

"Hakuna, shangazi. Mwenyewe anaumwa. Nimeitoa."

"Aa."

Hapo ndipo nilipojua. Namba zilizo juu ya mbao, shangazi hazioni tena. Alikuwa anahesabu weupe kuanzia ukutani: moja, mbili, tatu, yangu. Na mimi kwa mikono yangu nilikuwa nimeondoa moja.

"Risasi kwenye karatasi ya jirani ni sifuri," mkuu akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kukimbilia.

"Mkuu, mpe raundi nyingine," kinyozi akamsihi. "Nani hajawahi kukosea karatasi? Tazama zilivyokaa! Mimi hizo nitazipata kwa maombi."

Mkuu alifundishwa kushika bastola na shangazi. Akamsogelea. "Mama, umechanganya vizimba tu, siyo? Macho ni mazima? Sema tu ndiyo, nakurudishia raundi."

Nilishika kikapu changu nikiomba aseme ndiyo. Neno moja dogo.

Shangazi akageuza kichwa, akanitafuta, akatua sikioni.

"Huyu ndiye anayetembea kule mbele," akasema. "Na mimi nahesabu vitu vyeupe. Huyu naye hufunga kitambaa cheupe."

Akachomoa magazini ya risasi, akavuta nyuma chuma cha juu cha bastola, akaonyesha kwamba ni tupu, kama siku zote. Kisha akaisukuma mezani kuelekea kwa mkuu. "Pokea, mwanangu."

Bendera nyekundu ikapanda. Ilibidi niende, maana kinyozi alikuwa bado hajapiga. Nilipofika kwenye karatasi ya nne niliona matundu yamekumbatiana katikati ya weusi, yote pamoja. Kiraka kimoja kilitosha. Nilikisawazisha kwa kidole gumba, nikaendelea kukisawazisha, mpaka mkuu akaniita.

Njiani kurudi nyumbani shangazi alinishika kiwiko. Hakuwahi kunishika kiwiko. Nikamwambia, "Ningejua unahesabu, shangazi, ningebandika hata gazeti pale." Akasema, "Ndiyo maana sikukuambia."

Jioni pasi ilibaki juu ya kabati. Alikaa kitini, akalitazama sikio langu waziwazi, bila kujificha tena.

"Umekonda," akasema.

"Sijakonda, shangazi. Niko vilevile."

Akalitazama tena sikio.

"Basi nimeanza kukusahau."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake, upande ule anaouona.