Kidole cha Shahada cha Athman

Asubuhi ya Jumatatu, alipomaliza kuchapa barua ya wavuvi wa Burgao, Khairat alichomeka flashi ya marehemu babake, Athman, kwenye kompyuta ya stashenari yake mjini Kismayo. Ndani mlikuwa na faili moja tu: kishale cha kompyuta chenye umbo la kidole cha shahada. Athman alikichora mwenyewe, nukta kwa nukta, alipokuwa mkimbizi Mombasa.

Alikichora kwa sababu chake hakuwa nacho. Mwaka tisini na moja mtu aitwaye Ghalib aliingia nyumbani kwao Kismayo na hati iliyosema kwamba Athman amemuuzia nyumba. Athman akakataa kutia alama. Ghalib akakikata kidole kwa panga, akakichovya wino, akakigandamiza kwenye hati, kisha akawaruhusu wenye nyumba kuchukua mikeka. Mpaka anakufa, Athman hakutumia kishale kingine.

Khairat alitaka kukichapisha. Printa haipokei faili la kishale, kwa hiyo akaligeuza kuwa picha ya kawaida, PNG. Programu ilimwonya kwamba picha ya kawaida haibebi ile nukta ya nchani inayojua pa kubofya. Kitabaki kidole kisichoelekeza popote. Akabofya kukubali.

Karatasi ilitoka. Kidole kilielekea dirishani, upande wa soko. Akaigeuza karatasi, kidole kikazunguka, kikaelekea soko vilevile. Jirani yake Zakia, muuza vitambaa, alikuwa ameingia kuomba maji. Alikitazama akasema hicho ni cha Athman, ukucha wake ulipinda hivyohivyo. Kisha akachungulia nje. Ghalib alikuwa akikatiza sokoni kwenda msikitini, na kidole kikimfuata hatua kwa hatua.

"Kimemwona mchu wake," Zakia akasema kwa Kibajuni, akamalizia maji.

Khairat akakigeuza kuwa JPG, kikamwelekea Ghalib. Akakigeuza kuwa PDF, kikamwelekea Ghalib. Akakikuza hadi kikajaa ukurasa. Picha ndogo namna ile ingepaswa kuvunjikavunjika kuwa miraba. Hii ilizidi kutoa mikunjo ya ngozi na mistari ya nchani. Siku mbili alizunguka na gundi, akabandika karatasi arobaini kwenye milango na kuta za mji. Alijisikia kama mtu anayenoa kisu bila haraka.

Siku ya tatu Ghalib alikuja dukani. Kanzu yake ilikuwa na tundu kifuani, upana wa ncha ya kidole. Kanzu zake zote zilikuwa zimeanza kulika palepale, na fundi alishachoka kuzitia viraka.

"Kiondoe, mwanangu," akasema.

"Mimi si mwanao. Na kukiondoa siwezi. Kazi yangu ni kugeuza tu."

Khairat akalipeleka shauri mbele ya kamati ya ardhi, akasimulia habari ya panga toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyebisha kwamba kidole kilikuwa kikimwelekea Ghalib. Alipohama kiti, kilihama naye. Karani, Abdulrahman, akakipaka wino kidole cha karatasini, akakigandamiza pembeni mwa hati ya zamani. Alama mbili zikalingana mstari kwa mstari.

Mwenyekiti akamshukuru Khairat kwa kuleta ushahidi. Miaka yote, akasema, walikuwa na wasiwasi na hati ile. Sasa imethibitika kuwa aliyetia alama ni Athman mwenyewe. Nyumba ni ya Ghalib. Akaomba nakala moja ya kidole ibaki kwenye jalada.

Khairat hakulia. Alirudi dukani, akakigeuza tena, kikawa chepesi cha kutumwa kwa simu, akawatumia jamaa wa visiwa vya Chovai na Koyama, na wale wa kambi za wakimbizi, na wa Ulaya. Tangu hapo Ghalib hana pa kujificha. Akisafiri, watu hujua kabla hajafika, na hakuna anayemfungulia mlango. Kifuani, chini ya tundu la kanzu, ngozi imeanza kuchimbika. Lakini hurudi nyumbani kwake, akaoga, akala, akalala kwenye chumba alichozaliwa Khairat.

Mwishoni mwa mwezi mamake Khairat, Mwanahija, alipiga simu kutoka Mombasa. Alisema kidole alichotumiwa amekibandika jikoni, nacho kinaelekea kaskazini tangu siku ya kwanza.

"Na nyumba?" akauliza.

"Bado yumo yeye, mama."

Khairat akasikia chungu kikikorogwa.

"Haya," mamake akasema. "Kisichoke tu."